Papa Wemba: Chifu wa Molokai aliyefia jukwaani

Siku ya soko mjini Nyamarambe, eneobunge la Mugirango Kusini katika kaunti ya Kisii, muziki hutoka kila upande. Wa kinyozi hushindana na wa kibanda cha kutengeneza simu, na matatu inayosubiri abiria wa kwenda Kisii mjini huongeza wake. Ni nadra ghasia hiyo ikakosa rumba ya Kongo. Na miongoni mwa sauti hizo za Kongo imo moja nyembamba, ya juu, inayopanda kana kwamba mwimbaji anataka kulia lakini anajizuia. Msikilizaji huenda asijue hata neno moja la Kilingala, ila huitambua sauti hiyo kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Ni sauti ya Papa Wemba, aliyeaga dunia Aprili 24, 2016, akiwa kazini.

Wapo wanaomkumbuka kwa suti na viatu vya bei ya kutisha. Wapo wanaomkumbuka kwa kesi iliyomtia jela nchini Ufaransa. Wachache zaidi, hasa vijana, wanajua kwamba mwaka 1987 aliigiza mhusika mkuu katika filamu ya muziki ambayo hadi leo hutajwa kila inapozungumziwa historia ya sinema barani Afrika. Filamu hiyo, La Vie est belle, yaani maisha ni mazuri, iliongozwa na watu wawili: Mbelgiji Benoît Lamy na Mkongo Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya nyumbani.

Hadithi yake ni nyepesi kuisimulia. Kourou ni mwanamuziki maskini wa kijijini. Ala yake ya kienyeji inapovunjika, anaamua kwenda Kinshasa kutafuta muziki wa umeme, yaani gitaa, vipaza sauti na jukwaa lenye taa. Jijini hapati jukwaa bali kazi ya utumishi katika nyumba ya tajiri Nvouandou, mwenye klabu ya usiku. Anampenda msichana aitwaye Kabibi, bila kujua kuwa tajiri wake naye anamtaka binti huyo awe mke wa pili, tena kwa ushauri wa mganga aliyemwahidi kwamba atapata tena nguvu za kiume. Kinachofuata ni vichekesho, hila za wake na waume, na nyimbo nyingi. Humo mnaonekana pia Pépé Kallé, mwimbaji mwenye mwili wa jitu, na mchezaji wake Emoro, mtu mfupi kupindukia. Sauti za Tshala Muana na kundi la Zaiko Langa Langa zimo vilevile.

Kwa wakazi wa Mugirango Kusini hadithi ya msanii mwenye ustadi mkononi na mfuko mtupu si ya kigeni. Tabaka, mahali panapochimbwa na kuchongwa mawe laini ya sabuni yanayosafirishwa hadi Ulaya na Marekani, pako katika eneobunge hilo hilo, na wachongaji wake wanajua vyema tofauti kati ya bei ya kinyago kijijini na bei yake kikifika dukani ughaibuni. Lakini upekee wa filamu hiyo haukuwa katika umaskini wa Kourou. Ulikuwa katika ukweli kwamba aliyemwigiza hakulazimika kwenda mbali kumtafuta. Alikuwa amemfahamu mtu wa aina hiyo kwa miaka 10, na alikuwa amemlisha, amemvisha na kumlaza uani mwake.

Papa Wemba alizaliwa Juni 14, 1949, huko Lubefu, wilaya ya Sankuru katika jimbo la Kasai, Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Aliitwa Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Baba yake aliwahi kuwa askari. Mama yake alikuwa na kazi ambayo leo inaelekea kusahaulika: alikuwa mwombolezaji wa matanga, mwanamke aliyeitwa kwenye misiba ili aongoze kilio kwa wimbo. Mtoto alimfuata mama kwenye matanga hayo, akasikia jinsi sauti ya mtu mmoja inavyoweza kuwafanya wageni walie pamoja na wenye msiba. Aliyewahi kukaa kwenye matanga ya kijijini usiku kucha ataelewa kwamba hiyo ni shule kamili, na mwalimu wake hana masihara. Ule mlio wa kilio kilichozuiwa, ambao wachambuzi wa Ulaya baadaye waliutafutia majina mengi, ulianzia hapo.

Familia ilihamia mji mkuu, wakati huo ukiitwa Léopoldville, Jules akiwa bado mdogo. Baba hakutaka mwanawe awe mwanamuziki. Katika miji mingi ya Afrika ya miaka hiyo, Nairobi ikiwamo, mwanamuziki alihesabiwa mlevi mtarajiwa, na mzazi aliyemsomesha mtoto alimtaka ofisini. Mzee huyo alifariki mwaka 1966. Kijana aliingia kwaya ya kanisa Katoliki, na huko alipata kile ambacho matanga hayakumpa, nidhamu ya kuimba na wenzake. Mtaani walimwita Jules Presley, kwa kuwa kama vijana wengi wa wakati huo alivutiwa na Elvis na nyimbo za Kimarekani.

Mwishoni mwa mwaka 1969 vijana kadhaa wa Kinshasa, wengi wao wanafunzi, walianzisha Zaiko Langa Langa. Jules alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo. Wakati huo muziki wa Kongo ulitawaliwa na wakubwa wawili, Franco wa OK Jazz na Tabu Ley Rochereau wa Afrisa, waliokuwa na bendi kubwa zenye tarumbeta na saksafoni. Vijana wa Zaiko hawakuwa na tarumbeta. Waliziacha kabisa, wakabaki na magitaa, ngoma kavu ya kiaskari na waimbaji wengi mbele, na sehemu ya kuchezea wimbo, sebene, wakairefusha na kuichochea. Muziki unaotikisa harusi za Afrika Mashariki hadi sasa, pamoja na ndombolo iliyokuja baadaye, unatokana na uamuzi huo. Wimbo Pauline ndio uliomtambulisha Jules katika kundi.

Mwaka 1971 Rais Mobutu Sese Seko alibadilisha jina la nchi kuwa Zaire, na mwaka uliofuata wananchi wakaamriwa kuacha majina ya kikoloni. Jules akawa Shungu Wembadio. Mwaka 1973 mama yake alifariki. Akiwa kifungua mimba, jukumu la kuwatunza wadogo zake lilimwangukia. Alikuwa na umri wa miaka 24, msanii asiye na mshahara wa uhakika, na nyumba yenye midomo ya kulishwa.

Msomaji anayeshangaa kwa nini bendi za Kongo zilipasuka kila mara anapaswa kuelewa jinsi zilivyoendeshwa. Vyombo vilikuwa mali ya tajiri au ya kiongozi wa bendi. Mwimbaji hakuwa na mkataba wa maana. Alipata posho ya usiku, na alipotoa wimbo uliovuma, faida haikumfikia. Njia pekee ya kupanda ilikuwa kuondoka, kuwachukua wenzake wawili watatu na kutafuta tajiri mwingine mwenye vyombo. Hivyo ndivyo urafiki ulivyofanywa mtaji, na ndivyo ulivyovunjika.

Wembadio naye alipita njia hiyo hiyo. Mwishoni mwa 1974 yeye, Evoloko Jocker, Mavuela Somo na Bozi Boziana waliiacha Zaiko, wakaunda Isifi Lokole. Mwaka uliofuata alitoa wimbo Amazone, ambao ulimfanya nyota. Amazone lilikuwa jina la utani la mkewe, Marie-Rose Luzolo. Mwanamke huyo alikuwa naye kabla ya umaarufu, akabaki naye katika miaka yote ya safari, uvumi na kashfa, na alikuwapo kumzika. Haikuwa ndoa ya malaika. Nyota wa rumba hawakuwa na sifa ya uaminifu, na mumewe hakuwa tofauti na wenzake. Hata hivyo, katika fani ambayo wake husahaulika mara jina la mume linapokua, jina la Amazone lilijulikana karibu sawa na la bwana wake.

Isifi haikumaliza mwaka. Mwezi Novemba 1975 ilipasuka, na Wembadio akawa katika kundi jipya, Yoka Lokole. Nalo halikudumu. Mwishoni mwa 1976 aliwekwa kizuizini kwa muda mfupi kutokana na madai ya uhusiano na binti wa jenerali mmoja wa jeshi, jambo ambalo katika Zaire ya Mobutu lingeweza kumalizika vibaya zaidi. Alipotoka, alikuwa amechoka kuwa mgeni katika bendi za wengine.

Februari 1977 alianzisha bendi yake, Viva la Musica. Jina hilo, inavyosimuliwa, alilipata kutoka kwa Johnny Pacheco, mwanamuziki wa salsa aliyefika Kinshasa mwaka 1974 kwa tamasha lililoandamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Alianza kuitwa Papa Wemba. Na hapo ndipo ilipoanza sehemu ya maisha yake inayostahili kutazamwa kwa karibu kuliko tuzo na ziara zote zilizofuata.

Nyumba ya familia yake ilikuwa katika mtaa wa Matonge, barabara ya Kanda-Kanda. Kando yake zilipita barabara za Masimanimba, Oshwe, Lokolama na Inzia. Alichukua herufi za mwanzo za majina hayo, akaunda neno Molokai, kisha akatangaza kwamba eneo hilo ni kijiji na yeye ni chifu wake. Ilikuwa mzaha, lakini mzaha uliotekelezwa kwa bidii. Chifu alivaa kichifu, akawa na wazee wake wa baraza, na raia wake walikuwa vijana wasio na kazi waliotaka kuimba, kucheza au kupiga gitaa. Walikuja kutoka mitaa mingine na kutoka mikoani. Wengine walilala uani. Walikula kilichokuwapo. Asubuhi walifanya mazoezi, jioni walimfuata chifu jukwaani, na aliyekuwa na kipaji alipewa nafasi ya kusimama mbele.

Kwa namna hiyo Molokai ikawa chuo. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Emeneya Mubiala, aliyetokea Kikwit na kujiunga na bendi mwaka 1977, kijana aliyekuwa amesoma hadi chuo kikuu na ambaye baadaye alijulikana kama King Kester. Mwingine aliyekuwa karibu, ingawa hakuwa mwimbaji wa kila usiku, alikuwa mtunzi msomi aitwaye Koffi Olomide. Kuanzia waimbaji hadi wapiga gitaa, orodha ya waliopitia Viva la Musica ni ndefu kiasi kwamba historia ya rumba ya miaka ya 1980 na 1990 haiwezi kuandikwa bila kupita katika ua ule.

Papa Wemba mwenyewe hakuona haya kurudi darasani. Mwaka 1979, akiwa tayari na bendi yake na wafuasi wake, alikaa miezi kadhaa na Afrisa ya Tabu Ley, akajifunza jinsi bendi kubwa inavyoendeshwa na jinsi muziki wa Kinshasa unavyouzwa nje ya Kinshasa. Mwaka 1980 alirejea kwa kishindo na wimbo Analengo.

Kisha ukaja msiba wa kwanza wa kijiji. Mwaka 1982 Emeneya aliondoka na kuunda Victoria Eleison, akiwachukua baadhi ya wenzake. Kwa kipimo chochote, alifanya kile ambacho mwalimu wake alikuwa amewafanyia Zaiko miaka minane kabla. Hilo halikupunguza maumivu. Kinshasa iligawanyika, mashabiki wa Viva upande huu, wa Victoria upande ule, na nyimbo zikarushwa kama mawe. Ilichukua miaka mingi kwa wawili hao kusemezana kama watu waliowahi kula sahani moja. Emeneya alifariki Paris Februari 2014. Papa Wemba hakumzidi hata kwa miaka mitatu.

Kuhusu mavazi, ni rahisi kucheka. Papa Wemba ndiye aliyeitangaza duniani La Sape, jumuiya ya watanashati waliokuwa tayari kushinda njaa ili wavae suti ya Yohji Yamamoto au Jean-Paul Gaultier na viatu vya Weston. Kijana asiye na kazi anayetembea Matonge akiwa amevaa mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu ni kichekesho, na wapo Wakongo waliosema kwa hasira kwamba mtindo huo uliwapotosha vijana. Lakini Mobutu alikuwa amepiga marufuku suti na tai za Kizungu, na kila mwanamume wa mjini alitakiwa kuvaa abakosti, koti lisilo na tai. Katika nchi ambayo kuandamana kulimaanisha risasi, kijana aliyefunga tai barabarani alikuwa amesema neno bila kufungua mdomo. Si kila mtanashati alikuwa mwanasiasa, bila shaka. Wengi walipenda tu kutazamwa.

Hivyo basi, waongozaji wa La Vie est belle walipomtafuta Kourou, walimchukua chifu wa Molokai, mwanamume wa miaka 38 ambaye kila mtu Kinshasa alimjua, wakamvalisha matambara na kumpa kazi ya kupangusa nyumba ya tajiri. Uigizaji wake hauna mbwembwe. Anatabasamu sana, anasema kidogo, na anapofungua mdomo kuimba ndipo mtazamaji anapoelewa kwa nini mtumishi huyo hawezi kubaki mtumishi. Filamu inaionyesha Kinshasa ya wakati huo kwa ukarimu, baa zake, wanawake wake wa vyama vya kuchangishana, wajanja wake wa mjini, na umaskini usiofichwa wala kuliliwa. Watazamaji wa Ulaya waliozoea kuona Afrika ya njaa na vita walishangaa. Mtu anaweza kuilaumu kwamba inamaliza mambo kwa urahisi mno, kwani Kourou anapata jukwaa na anampata Kabibi. Raia wengi wa Molokai halisi hawakupata jukwaa wala Kabibi.

Mwanzoni filamu iliwaendea vizuri wote. Papa Wemba alikuwa amehamia Paris, na sasa milango ikafunguka. Alirekodi na mtayarishaji Martin Meissonnier. Mwaka 1992 alitoa albamu Le Voyageur kupitia kampuni ya Real World ya mwimbaji wa Uingereza, Peter Gabriel, na mwaka 1993 akafuatana na Gabriel katika ziara kubwa iliyompeleka mbele ya umati ambao haukuwahi kusikia Kilingala. Albamu Emotion ya 1995, iliyotayarishwa na Stephen Hague, ilikuwa na wimbo Yolele, ambao mtu mzima yeyote wa Afrika Mashariki aliyekuwa na redio wakati huo huenda bado anaukumbuka. Mwaka 1996 yeye na Koffi Olomide walitoa pamoja albamu Wake Up. Mwaka 1998 aliipa albamu yake jina la kijiji chake, Molokai.

Aliishi maisha mawili. Kwa Wazungu aliimba nyimbo fupi zilizopangwa kwa ustadi wa studio. Kwa Wakongo wa Paris, Brussels na Kinshasa aliendelea na Viva la Musica, nyimbo ndefu, sebene ya dakika kumi, na majina ya matajiri yakitajwa katikati ya wimbo kwa malipo. Desturi hiyo ya kutaja majina, wanayoiita libanga, huwaudhi baadhi ya wasikilizaji. Ilitokana na hesabu. Kanda zilinakiliwa kiharamia mara tu zilipotoka, mirabaha haikuja, na mwanamuziki mwenye watu 30 nyuma yake alihitaji pesa za leo. Wasanii wa Kenya waliokufa wakidai mirabaha yao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini Zaire ilikuwa inaporomoka. Askari walipora Kinshasa mwaka 1991 na tena 1993, pesa zikapoteza thamani, kisha vikaja vita vilivyomng'oa Mobutu mwaka 1997 na vita vingine vilivyofuata. Raia wa Molokai hawakutaka tena uani pa kulala wala nafasi ya kuimba. Walitaka viza. Na chifu wao alikuwa mtu aliyeweza kuipata, kwa sababu mwanamuziki mashuhuri anayesafiri na bendi kubwa huombewa viza nyingi kwa mkupuo.

Februari 2003 polisi wa Ufaransa walimkamata. Alishtakiwa kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria, wakijifanya wapigaji na wachezaji wa bendi yake. Waendesha mashtaka walidai kila mmoja alitozwa maelfu ya euro. Mjini Kinshasa biashara hiyo ilikuwa na jina, ngulu, yaani nguruwe, na hakuwa mwanamuziki pekee aliyetajwa. Alikaa rumande miezi mitatu na nusu katika gereza la Fleury-Mérogis, karibu na Paris, kabla ya kuachiliwa kwa dhamana ya euro 30,000. Novemba 2004 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 30, sehemu kubwa ikiwa imeahirishwa, pamoja na faini ya euro 10,000. Hakurudi gerezani.

Hapa ndipo waandishi wa wasifu wake hugawanyika, na wengi huchagua njia ya mkato. Wapenzi wake husema aliwasaidia watoto wa masikini kuikimbia nchi iliyokuwa inaungua. Wakosoaji husema alifanya biashara ya shida zao. Yote mawili yana ushahidi. Kuna waliovuka kwa mgongo wake wakapata maisha, wakajenga nyumba kwao na kusomesha wadogo zao. Kuna pia familia zilizouza walichokuwa nacho kulipia nafasi katika bendi ambayo mtoto wao hakujua kuipigia hata njuga. Mtu yule yule aliyewapa chakula bure vijana mwaka 1977 alihukumiwa, miaka 27 baadaye, katika kesi ya kuwavusha vijana kwa malipo. Kumsafisha kwa sababu ya sauti yake ni kuwakosea waliolipa, na kumfuta kwa sababu ya kesi ni kusahau walikolala wengine wote.

Gereza lilimbadilisha. Alisema hadharani kwamba humo alikutana na Mungu, na wimbo alioutoa mwaka huo huo wa 2003 katika albamu Somo Trop, Numéro d'écrou, yaani nambari ya mfungwa, ni miongoni mwa nyimbo zake za huzuni zaidi. Aliendelea kurekodi na kusafiri, lakini alizidi kukaa Kinshasa. Mwaka 2012 alionekana tena katika sinema, Kinshasa Kids, filamu kuhusu watoto wa mitaani wanaoamua kuunda bendi. Safari hii hakuwa Kourou. Alikuwa mzee anayefuatwa na watoto wasio na kitu, wakitaka kujua jinsi ya kuanza.

Aprili 2016 alialikwa Abidjan, Cote d'Ivoire, katika tamasha la FEMUA linaloandaliwa na kundi la Magic System katika mtaa wa Anoumabo. Alipanda jukwaani alfajiri ya Jumapili, Aprili 24, amevaa nguo zenye rangi nyeusi na nyeupe na kofia. Tamasha lilikuwa likirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Alikuwa ameimba kwa muda mfupi tu alipoanguka nyuma ya wachezaji wake. Wachezaji, waliokuwa wameipa hadhira nyuso na yeye mgongo, waliendelea kucheza kwa sekunde kadhaa, hawajui. Kisha mmoja aligeuka. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Mwili ulirejeshwa Kinshasa siku chache baadaye, ukapokewa na umati uliojaza barabara kutoka uwanja wa ndege. Ulilazwa katika jengo la bunge ili watu wapite kuaga, na serikali ikamtunuku nishani kuu ya taifa. Nyumba yake ya Ma Campagne baadaye iligeuzwa makumbusho ya rumba, na Desemba 2021 shirika la UNESCO likaiorodhesha rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mazishi yalifanyika Mei 4, 2016, katika makaburi ya Nsele, nje kidogo ya Kinshasa. Watanashati wa Matonge walifika wamevaa kila walichokuwa nacho, makoti ya manyoya katika joto la ikweta, viatu vinavyong'aa katika vumbi, miwani, fimbo na kofia. Wengi wao walikuwa wamefika kwa miguu.